MAARIFA YA UFUNDI: Lori Lichemkapo Mlimani, Je, Injini Imeharibika?

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Mkulima wa Kericho hawezi kulikana neno hilo, kwani kwake mawingu hukusanyika mara nyingi wakati wa alasiri juu ya mashamba ya chai, na huleta mvua, na pengine mvua ya mawe. Lakini mkulima huyo huyo anajua pia ya kuwa si kila wingu lina mvua ndani yake. Mtu akiacha kazi na kukimbilia nyumbani kila aonapo wingu, chai yake haitachumwa. Ndivyo ilivyo kwa mvuke utokao katika lori kuukuu. Mvuke ni dalili, lakini ni dalili ya nini, hilo halijulikani mpaka lichunguzwe.

Jambo hili lina uzito katika nchi ya vilima toka Londiani mpaka Bomet. Chai ilianza kulimwa huko kwa biashara kubwa katika miaka ya 1920, na wakulima wadogo wakapata nafasi pana zaidi baada ya Mamlaka ya Kustawisha Chai ya Kenya kuundwa mwaka 1964. Tangu hapo maisha ya watu wengi yamefungamana na magurudumu. Jani bichi la chai halingoji. Likirundikwa kwa saa nyingi hupata joto, huwa jekundu, na thamani yake hupotea kabla halijafika kiwandani. Kwa hiyo lori likisimama njiani, hasara si ya mwenye lori peke yake, bali ni ya kila mama aliyeamka alfajiri kuchuma majani mawili na chipukizi.

Katika malori yaliyofanya kazi ndefu katika nchi hiyo, Bedford lina jina lake. Kampuni ya Vauxhall ya Uingereza ilianza kuuza malori ya Bedford mwaka 1931, na muundo ujulikanao kama TJ ulitokea mwaka 1958. Mtu aliyelitunza lori la namna hiyo mpaka leo hastahili kuchekwa. Injini yake haina mambo mengi yaliyofichika, na fundi mwenye akili anaweza kuielewa kwa macho, masikio na mikono. Lakini uzee wa lori una hila yake: likionyesha kasoro ndogo, watu hukimbilia kusema kwamba limekwisha. Mfano ufuatao utaonyesha jinsi haraka hiyo inavyoweza kumgharimu mtu.

Mzee mmoja aishi nje kidogo ya mji wa Kericho ana Bedford la TJ lenye injini ya petroli ya silinda 6. Asubuhi lori hilo hukodishwa kubeba majani ya chai kutoka vituo vya kupimia hadi kiwandani, safari fupi fupi za baridi na ukungu. Siku za Jumamosi huteremka mpaka Ahero katika uwanda wa Kano kuleta mchanga wa kujengea. Kurudi kwake ndiko kugumu. Kutoka Ahero hadi Kericho ni karibu kilomita 60, na katika mwendo huo barabara hupanda kutoka kimo cha kiasi cha mita 1,150 mpaka zaidi ya mita 2,000. Lori lililojaa mchanga hupita Awasi na Kipsitet likiunguruma kwa gia ndogo, na hufika Kapsoit limechoka kama ng'ombe wa plau.

Jumamosi moja lilipofika Kapsoit, dereva aliegesha, akazima injini na kuingia hotelini kunywa chai. Hata kikombe hakijapoa, watu walipiga kelele nje. Mvuke ulikuwa ukitoka chini ya boneti kwa mvumo, na maji yakitiririka barabarani. Utingo, kijana mwepesi wa mwili na wa mawazo pia, akakunja shati lake, akalishika kwa shati hilo kifuniko cha rejeta na kukizungusha. Maji ya moto yakaruka, yakamuunguza mkono toka kiganjani hadi kwenye kiwiko.

Hapa yafaa kusimama kidogo, maana kosa hilo limewaumiza wengi. Maji yaliyo ndani ya rejeta iliyofungwa yamebanwa, na kwa kuwa yamebanwa yanaweza kuwa na joto kubwa kupita lile la kuchemka bila kuchemka. Kifuniko kikiondolewa, mbano hutoweka mara moja, na maji hugeuka mvuke na kuruka nje. Kitambaa hakiwezi kuyazuia. Dawa ni subira: injini izimwe, boneti lifunguliwe, na watu wangoje nusu saa au zaidi mpaka mtu aweze kushika mpira wa juu wa rejeta bila kuumia. Ndipo kifuniko kizungushwe kidogo tu, hadi pale kinaponasa mara ya kwanza, ili mvuke uliobaki utoke polepole. Wala maji baridi yasimiminwe kwa pupa ndani ya injini yenye moto, kwa sababu chuma cha kusubu kikipozwa ghafula huweza kupasuka. Na mtu akiungua, asipakwe mafuta ya kupikia wala unga. Mkono uwekwe chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe zahanati.

Jumatatu fundi mmoja wa karibu aliitwa. Alifungua kifuniko cha kutilia oili juu ya injini, akaona chini yake utando mweupe kama maziwa yaliyoganda. Akatikisa kichwa. "Mzee," alisema, "gasketi ya hedi imekwisha. Maji yameingia katika oili. Lazima hedi ifunguliwe ipelekwe kusawazishwa, na tukifika huko tubadilishe pete za pistoni pia. Tukiliacha, utapoteza injini nzima."

Mzee alinyamaza. Fedha za kazi hiyo hakuwa nazo, ila alikuwa na mtamba mmoja mwenye mimba, na mtamba huyo alikuwa ametengwa kwa ajili ya karo ya mwanawe wa mwisho. Usiku ule hakulala vizuri. Asubuhi akamtuma mtu kuulizia bei ya ng'ombe.

Lakini kabla mnunuzi hajafika, alipita jirani yake, fundi wa makamo mengi aliyestaafu kutoka karakana ya shamba la chai. Walipokwisha kuamkiana na kuulizana habari za nyumbani, mzee akamweleza yaliyompata. Fundi yule hakuuliza spana ziko wapi. Alivuta kigoda, akaketi, akaomba dereva aitwe.

"Kijana wangu," alimwambia, "mgonjwa akienda kwa daktari huulizwa maswali kabla ya kuchomwa sindano. Nami nitakuuliza. Lori hili huchemka lini? Mara tu baada ya kuwashwa asubuhi?"

"La, Mzee. Asubuhi huwa baridi kabisa. Mshale wa geji hauinuki ila kidogo."

"Huchemka likiwa mbio katika tambarare, kama kutoka Ahero hadi Awasi?"

"La. Hapo halina shida."

"Na ukiwa katikati ya mlima, limejaa, gia ya pili?"

Dereva akafikiri. "Mshale hupanda, Mzee. Jumamosi ulifika 195. Lakini mvuke sikuuona mlimani. Mvuke ulitoka nilipokwisha kuzima na kukaa mezani."

Fundi akainua kidole. "Hapo umesema neno kubwa," alisema.

Kwa nini neno hilo lilikuwa kubwa? Kwa sababu wakati ambapo joto linatokea humwonyesha fundi mahali pa kutafuta. Injini ikichemka dakika chache tu baada ya kuwashwa, ingali haijafanya kazi, yaelekea moto wa silinda unavuja na kuingia katika maji, au themostati imekwama ikiwa imefungwa, au maji hayamo. Ikichemka katika mwendo wa kasi barabarani, upepo upo wa kutosha, basi maji ndiyo yasiyopita vizuri: pengine rejeta imeziba ndani kwa kutu, au mpira wa chini, ambao pampu huunyonya, umelegea na kujikunja wakati injini inapozunguka upesi. Ikipata joto katika mwendo wa polepole mlimani na kutulia katika tambarare, maji yanapita ila upepo ndio haba: tazama feni, mkanda wake, na matundu ya nje ya rejeta. Nayo ikichemka baada ya kuzimwa tu, sababu moja iko wazi. Chuma cha injini bado kimejaa moto, pampu imesimama, feni imesimama, na moto wote unaingia katika maji yasiyokwenda popote. Hapo joto la maji hupanda kwa muda hata kama injini haina ugonjwa.

Baada ya maswali, fundi aliinuka, akaanza na vitu visivyohitaji fedha. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akapaka oili kidogo juu ya karatasi. Ilikuwa nyeusi kidogo, lakini safi, haina weupe wowote. Akaujaza rejeta maji, injini ikiwa baridi, akaacha kifuniko wazi na kumwambia dereva awashe. Akainama akatazama kwa muda mrefu. Gasketi ya hedi iliyopasuka kati ya silinda na njia ya maji husukuma moshi ndani ya maji, na mapovu huonekana yakipanda bila kukoma, yakizidi kila injini inapokanyagwa. Mapovu hayakuwako. Akatazama ekzosi injini ilipokwisha kupata moto: hapakuwa na moshi mweupe mzito. Akafungua plagi zote 6, na hakuna hata moja iliyokuwa na maji.

"Gasketi ni nzima," alisema.

"Na ule utando mweupe?" mzee akauliza.

Fundi akamgeukia dereva. "Ni nani aliyetoa themostati katika injini hii?"

Dereva akatazama chini. Themostati ilikuwa imetolewa mwaka uliopita, kwa shauri la madereva wenzake, ili injini ipoe zaidi. Wengi hufanya hivyo wakidhani kifaa hicho ni kizuizi tu. Kumbe kazi yake ni kuyazuia maji yasiende katika rejeta mpaka injini ipate joto lake la kazi, kisha hufunguka na kuyaachia. Bila kifaa hicho, katika asubuhi za Kericho zenye ukungu na safari fupi, injini haipati moto wa kutosha. Unyevu wa hewa na wa petroli iliyoungua huganda ndani yake, hupanda mpaka kwenye kifuniko cha oili kilicho baridi, na kuchanganyika na oili ukawa utando mweupe. Si maji ya rejeta hata kidogo. Ikiwa weupe uko chini ya kifuniko peke yake, na oili ya kwenye kijiti ni safi, na maji hayapungui bila sababu, basi injini inalia baridi, si joto. Dalili iliyomtisha fundi wa kwanza ilikuwa ya ugonjwa mwingine kabisa.

Ilibaki kujua kama geji ilisema kweli. Fundi aliomba jiko, sufuria ya maji, na waya. Akakitoa kile kitako cha geji kinachozama ndani ya maji ya injini, akakiacha kimeungwa na waya wake wa umeme, akafunga waya wa pili toka mwili wa kitako hadi mwili wa lori ili umeme upate njia ya kurudi. Kisha akakining'iniza ndani ya maji, kisiguse chini ya sufuria. Swichi ikafunguliwa. Maji yakachemka kwa nguvu, na wote wakatazama mshale. Ulipanda, ukasimama kwenye 200 za Fahrenheit.

Dereva akafurahi. "Geji inadanganya!" alisema. "Maji yanayochemka ni 212. Hii imepungukiwa na 12. Basi ile 195 ya mlimani ilikuwa 207. Injini ina moto kweli!"

Binti wa mzee, afundishaye fizikia katika shule ya sekondari, alikuwa amesimama mlangoni. "Baba, niruhusu niseme," alisema. Mzee akamruhusu.

"Maji huchemka kwa 212 za Fahrenheit, yaani 100 za Selsiasi, pale Mombasa kando ya bahari. Huko hewa yote iliyo juu yetu huyakandamiza maji. Hapa tuko mita 2,000 juu, na hewa iliyobaki juu yetu ni chini kwa kiasi cha moja ya tano. Maji yasipokandamizwa sana huchemka mapema. Hapa huchemka kwa karibu 93 za Selsiasi, nazo ni 200 za Fahrenheit. Mama analijua jambo hili kuliko sisi sote. Maharagwe yanayoiva upesi Kisumu humaliza kuni nyingi yakipikwa hapa, kwa kuwa maji ya hapa hayafiki joto la kule, hata yakichemka namna gani."

Fundi akacheka kwa furaha. "Miaka yangu yote karakanani nilijua kwamba ni 200," alisema, "lakini sababu yake nimeipata leo kwa mwanangu. Basi geji inasema kweli. Sasa leteni kile kifuniko cha rejeta."

Kifuniko kililetwa. Kilikuwa kimeandikwa 4, maana yake kinapaswa kuyabana maji kwa ratili 4 kwa kila inchi ya mraba kabla ya kuachia. Lakini mpira wake ulikuwa umekauka na kupasuka, na springi yake imeliwa na kutu hata ikaweza kusukumwa kwa kidole kimoja. Hakikubana kitu. Hapo habari yote ikafunguka. Kifuniko kizima cha ratili 4 kinarudisha kuchemka kwa maji ya Kericho mpaka kupita kidogo 100 za Selsiasi, kana kwamba lori liko pwani. Kifuniko kilichokufa kinaacha maji yachemke kwa 93. Lori lilifika Kapsoit likiwa na 195 za Fahrenheit, joto ambalo injini ya petroli inaweza kulivumilia. Kapsoit iko juu, karibu na Kericho. Dereva akazima ghafula, joto likapanda nyuzi chache tu, nalo likafika mahali pa kuchemka.

Kwa hiyo injini haikuwa imepata joto la kupita kiasi. Maji ndiyo yaliyochemka mapema. Haya ni mambo mawili, na anayeyachanganya atauza ng'ombe wake bure. Lakini mtu asidhani kwamba kuchemka kwa namna hiyo si hatari. Maji yakichemka hutoka, na yakitoka hupungua. Safari ya pili au ya tatu injini itakwenda na maji nusu, na hapo itapata joto la kweli, hedi itapinda, na gasketi itaungua. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa katika habari hii ulikuwa kifuniko.

Hata hivyo fundi hakuridhika na kifuniko peke yake. Aliuliza kwa nini mshale ufike 195 na usibaki karibu na 180. Jibu alilipata kwa vidole. Mkanda wa feni, alipousukuma katikati, ulibonyea zaidi ya inchi moja na nusu, hali ulipaswa kubonyea kama nusu inchi tu, na upande wake wa ndani ulikuwa unang'aa kama kioo. Mkanda unaong'aa huteleza injini inapofanya kazi kubwa, na wakati huo ndipo feni na pampu huhitajika zaidi. Tena hewa ya milimani ni nyepesi, na feni ile ile huvuta hewa kidogo kuliko ikiwa Ahero. Kisha alitazama uso wa rejeta. Matundu yake yalikuwa yamezibwa na matope makavu, vumbi jekundu, vipande vya majani ya chai na wadudu. Utingo, mkono wake ukiwa umefungwa bandeji, alisaidia kuyaosha kwa maji ya mpira, yakisukumwa kutoka upande wa injini kwenda nje, si kwa nguvu nyingi, ili mabati membamba yasipinde.

Vitu vilivyonunuliwa vilikuwa vitatu: kifuniko kipya cha ratili 4, mkanda, na themostati. Kuhusu kifuniko, fundi alitoa onyo. Dukani kulikuwa na vya magari mapya, vyenye namba 13 na zaidi, na dereva alitaka kikubwa kwa kuwa kikubwa hubana zaidi. Lakini rejeta ya zamani imeunganishwa kwa risasi, na haikutengenezwa kwa mbano huo. Ingepasuka kwenye maungio. Kifuniko kifuate namba ya lori, wala si tamaa ya mtu. Themostati nayo ilijaribiwa katika sufuria kabla ya kufungwa: namba ya joto imeandikwa juu yake, na ilionekana ikianza kufunguka karibu na 82 za Selsiasi kama ilivyoandikwa.

Bei ya vitu hivyo vyote ilikuwa ndogo sana mbele ya bei ya mtamba. Mnunuzi alipofika aliambiwa kwa adabu kwamba ng'ombe hauzwi, akapewa mursik, akaenda zake.

Jumamosi iliyofuata lori liliteremka Ahero na kurudi limejaa. Juu ya Kipsitet mshale ulisimama kwenye 185. Kapsoit dereva aliegesha, lakini safari hii hakuzima. Aliiacha injini izunguke polepole dakika tatu ili maji na feni vitoe ule moto wa mlima, ndipo akageuza ufunguo. Utingo alikaa akitazama boneti muda mrefu. Hakuna kilichotoka.

Wenye malori na motokaa za zamani wanaweza kupata mafunzo kadha wa kadha katika habari hii. Kwanza, maji yapimwe kila asubuhi injini ikiwa baridi, lakini yasijazwe mpaka mdomoni. Rejeta ya zamani isiyo na chupa ya akiba hutema maji ya ziada yanapotanuka, kisha hutulia kwenye kiasi chake. Watu wengi huona maji hayo chini ya lori wakadhani injini inavuja. Kama kiasi kinabaki kile kile siku kwa siku, hakuna ubaya.

Pili, maji ya mto yenye matope na chumvi huacha ukoko ndani ya injini na kuziba vijia vya rejeta. Kericho haina uhaba wa mvua, na maji ya mvua yaliyokingwa kwa bati safi yanafaa zaidi. Yakichanganywa na dawa ya rejeta inayouzwa madukani, kutu hupungua na maji huchelewa kuchemka. Dawa hiyo si ya nchi za barafu peke yake.

Tatu, geji isiaminiwe wala kukataliwa bila kupimwa. Waya uliolegea au wenye kutu unaweza kuufanya mshale uonyeshe uongo. Sufuria ya maji ya moto ni hakimu asiyependelea mtu, mradi mpimaji akumbuke kimo cha mahali alipo. Siku hizi mafundi wengine wana vipimajoto vya kulenga, navyo vinasaidia sana kutafuta sehemu ya rejeta iliyo baridi kwa sababu imeziba.

Nne, yako mambo yaliyo mbali na maji ambayo pia huleta joto: moto wa plagi uliochelewa, petroli iliyo haba katika kabureta, na breki zinazokamata bila kukanyagwa, hata lori likawa linapanda mlima huku limeshikwa. Baada ya safari, mkono ukaribishwe kwenye kila gurudumu. Lililo moto kupita wenzake lina neno la kusema.

Na tano, ikiwa mapovu yanapanda katika rejeta bila kukoma, au oili ya kwenye kijiti imekuwa kama chai ya maziwa, au maji yanapungua kila siku wala hayaonekani yanakokwenda, basi hapo hakuna hila. Lori lisiendeshwe tena, na hedi ifunguliwe. Fundi wa kwanza hakuwa mtu mbaya, wala ugonjwa aliotaja si wa kubuni. Kosa lake lilikuwa moja tu: aliona shahidi mmoja akatoa hukumu.

Mzee mwenye Bedford sasa ameandika namba mbili kwa chaki nyeupe ndani ya mlango wa dereva: 200 na 4. Dereva mgeni akiuliza maana yake, hutumwa kwa utingo, ambaye humweleza kwanza habari ya kifuniko, akimwonyesha kovu la mkono wake. Mtamba naye amezaa ndama jike, na karo ya kijana imelipwa kwa fedha za maziwa.